Kula chuoni kwa fedha kidogo: anza na ratiba ya vipindi, menyu itafuata

Mwulize mwanafunzi yeyote fedha zake za chakula zimeishia wapi, atakutajia chakula cha mchana. Chakula cha mchana kinaonewa. Mara nyingi fedha huvuja katika saa ambazo hakuna aliyezipangia chochote: dakika ishirini kati ya kipindi na kipindi, saa kumi na moja jioni ukitoka maabara ukiwa umechoka, na saa tano usiku wakati kantini imeshafungwa na kilichobaki wazi ni duka la vitafunio. Njaa ikikukuta hapo bila mpango, unalipa bei yoyote unayotajiwa.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya vyakula vya bei nafuu. Hiyo unaijua tayari, au utaijua ukiingia sokoni mara mbili. Unaanza na saa zako.

Hatua ya 1: Andika wiki moja ya kula kwako

Chukua wiki ya kawaida, isiwe ya mitihani wala ya sikukuu, uandike kila kinachoingia mdomoni ukiwa umekilipia. Simu inatosha, programu ya bure ya kuandikia iliyomo inatosha. Andika mambo manne: umekula nini, umelipa kiasi gani, ilikuwa saa ngapi, na kwa nini umenunua hapo. Hilo la nne ndilo lenye thamani, nalo ndilo watu huliruka.

Sababu ziandike kwa ufupi na kwa ukweli. "Nilikuwa na njaa." "Wenzangu walikuwa wanakwenda." "Foleni ya kantini ilikuwa ndefu." "Sikuamka mapema." "Nilikuwa na msongo." Wiki ikiisha, usijumlishe kwa aina ya chakula, jumlisha kwa sababu. Mtu anayejumlisha kwa chakula ataona ametumia fedha nyingi kwenye soda na kujiahidi kuacha soda, ahadi ambayo haitavuka Jumatano. Anayejumlisha kwa sababu ataona kwamba soda zote nne alinunua siku za Jumanne na Alhamisi, siku zenye vipindi vitatu mfululizo. Huyo wa pili ana tatizo linalotatulika.

Hatua ya 2: Tenga fedha ya chakula, igawe kwa wiki

Fedha ikiingia, iwe mkopo, ufadhili, mshahara wa kazi ya muda au fedha kutoka nyumbani, toa kwanza sehemu ya chakula kabla haijachanganyika na mambo mengine. Iweke mahali pake: akaunti nyingine, pochi nyingine ya simu, hata bahasha.

Kisha hesabu wiki zilizobaki hadi fedha nyingine iingie, ongeza moja, halafu gawanya. Kama ni wiki 15, gawanya kwa 16. Ile ya ziada ni akiba ya wiki ya mitihani, ya fedha kuchelewa, au ya siku utakayougua ukashindwa kupika. Usiigawe kwa mwezi. Mwezi ni mrefu mno kwa tumbo, na mwanafunzi mwenye bajeti ya mwezi hula vizuri siku kumi za kwanza, siku kumi za pili hula kwa mawazo, zilizobaki hula kwa kubembeleza. Wiki ni fupi, ukikosea Jumatano utajua Ijumaa.

Wengine hugawa hadi kwa siku. Sipendi sana njia hiyo, kwa sababu siku hazifanani: siku ya kununua mchele wa wiki nzima itaonekana kama umefuja, na kesho yake utajiona umeokoa wakati hukuokoa kitu.

Hatua ya 3: Weka milo juu ya ratiba ya vipindi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua ratiba yako ya muhula, ile ile yenye majina ya masomo na vyumba. Kwa kila siku, weka alama sehemu tatu: utakapokuwa karibu na jiko au chumba chako, utakapokuwa karibu na kantini ikiwa wazi, na utakapokuwa mbali na vyote viwili. Sehemu ya tatu ndiyo inayokula fedha.

Tuchukue Jumanne moja. Kipindi cha kwanza saa mbili asubuhi. Kinaisha saa nne, cha pili kinaanza hapo hapo upande wa pili wa chuo hadi saa sita. Una saa moja tupu, lakini saa sita ndiyo saa ambayo chuo kizima kinapanga foleni. Saa saba unaingia maabara, unatoka saa kumi na moja. Ukiitazama siku hii vizuri, ina maeneo mawili ya hatari: saa nne, kwa sababu ulitoka bila kunywa chai ukiogopa kuchelewa, na saa kumi na moja, kwa sababu foleni ya saa sita ilikushinda ukala kitu kidogo cha kushikilia.

Dawa yake si kujinyima. Dawa ni kuhamisha mlo. Siku kama hii mlo mkubwa uwe asubuhi kabla ya saa mbili, hata kama ni wali na maharagwe ya jana yaliyopashwa moto. Hakuna sheria inayosema asubuhi lazima iwe mkate. Saa nne uwe na kitu mfukoni: karanga, ndizi, yai la kuchemsha. Saa sita uwe na chombo chako cha chakula, ukae popote penye kivuli ule huku wenzako wanahesabu vichwa kwenye foleni. Saa kumi na moja uende moja kwa moja kwenye sufuria ambayo tayari ina kitu, kwa sababu mtu aliyetoka maabara saa kumi na moja hapiki. Tusidanganyane. Chakula cha Jumanne jioni hupikwa Jumatatu.

Fanya hivi kwa siku zote tano. Siku zitagawanyika zenyewe: za kupika, za kubeba, za kula kantini. Kwa wanafunzi wengi hutoka siku mbili za kupika, na hizo mbili zinatosha kulisha wiki kama una friji au mahali baridi pa kuaminika. Kama huna, pika kidogo na mara nyingi zaidi; nitaeleza kwa nini hapo chini.

Hatua ya 4: Soma mpango wa milo wa chuo kabla ya kuulipia

Vyuo vingi huuza milo kwa mkupuo. Mifumo iko ya aina mbili kuu. Wa kwanza unakupa idadi ya milo kwa wiki au kwa muhula. Kila ukipita mlangoni mmoja unakatwa, ule sahani moja au tatu. Wa pili unakuwekea salio kwenye kadi, linapungua kadiri unavyonunua. Vyuo vingine huchanganya yote mawili.

Usiamue kwa bei iliyoandikwa. Amua kwa bei ya mlo utakaoula kweli. Chukua gharama yote, ugawanye kwa milo ambayo ratiba yako ya Hatua ya 3 inakuruhusu kula. Mpango wa milo 14 kwa wiki ambao wewe unakula 10 umepandisha bei ya kila mlo kwa asilimia 40, na hakuna atakayekuambia. Mkubwa zaidi ni mbaya zaidi kama huuli: milo 19 ukila 12, bei imepanda kwa zaidi ya nusu. Watu hununua mpango mkubwa kwa kuwa kwa mlo mmoja unaonekana rahisi. Ni rahisi kwa anayeula wote tu.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya ofisini au uyatafute kwenye masharti:

- Milo isiyoliwa wiki hii inahamia wiki ijayo, au inapotea Jumapili usiku?
- Salio likibaki mwisho wa muhula linarudishwa, linahamishwa, au linafutwa?
- Naweza kushuka mpango mdogo baada ya muhula kuanza, na mwisho wa kubadilisha ni lini?
- Kantini inafungwa siku gani? Wikiendi na mapumziko ya katikati ya muhula ndiyo mitego.
- Naruhusiwa kubeba chakula kwenye chombo changu?

Swali la tatu ndilo la kushika. Kama chuo kinaruhusu kubadilisha ndani ya wiki chache za mwanzo, anza na mpango mdogo. Kupanda ni rahisi karibu kila mahali, kwa sababu ni fedha inaingia kwao. Kushuka ndiko kunakopigwa tarehe.

Kama mpango ni wa lazima kwa wanaokaa hosteli, basi utumie hadi tone la mwisho. Panga milo mikubwa ya siku iwe ile iliyokwisha kulipiwa, na fedha ya mfukoni iishie kwenye matunda na kifungua kinywa. Kwa mwanafunzi mwenye mpango wa kulipia kisha akala nje, chakula cha nje ni cha mara mbili: kimoja amekula, kingine amekiacha mezani.

Hatua ya 5: Kantini, jua cha kuomba

Pita kantini siku moja saa ambayo huna njaa, uangalie. Angalia ubao wa bei, sahani zinazotoka jikoni, na saa foleni inapokatika. Foleni nyingi za mchana huwa fupi nusu saa kabla ya saa ya kilele au karibu na kufunga. Wakati wa kufunga kuna kantini zinazopunguza bei ya kilichobaki. Uliza, usione haya.

Kwenye sahani, kinachopandisha bei karibu siku zote ni nyama. Wali kwa maharagwe au dengu hugharimu kidogo na hukaa tumboni muda mrefu kuliko wali wenye kipande kimoja cha nyama na mchuzi mwingi. Omba mboga ziongezwe badala ya mchuzi kuongezwa. Kama kuna sahani nusu na wewe huli sana, chukua nusu. Wengi hununua nzima kwa mazoea na kuitupa robo.

Vinywaji ndivyo vinavyoficha gharama. Rudi kwenye orodha yako ya wiki ya Hatua ya 1, utashangaa soda, juisi na kahawa ya kununua zilivyokaribiana na gharama ya chakula chenyewe. Chupa ya maji ya kujaza ni kifaa cha kwanza kununua baada ya kalamu. Kahawa, kama huishi bila hiyo, tengeneza chumbani ubebe kwenye chupa ya joto.

Kitambulisho cha mwanafunzi nacho kibebe kila mahali. Punguzo kwa wanafunzi mara nyingi lipo lakini halijabandikwa. Linatolewa kwa anayeuliza.

Hatua ya 6: Kupika, hata kwa jiko moja

Kwanza soma kanuni za hosteli. Vyumba vingi vinakataza jiko chumbani, na sababu ni moto. Lile koili la kuchemshia maji linalotumbukizwa kwenye ndoo limeunguza watu na limeunguza vyumba. Usiliguse hata kama jirani analo. Kama kuna jiko la pamoja, fahamu saa zake zenye msongamano na zikwepe. Kama hakuna jiko kabisa ila birika la umeme linaruhusiwa, bado una shayiri ya uji wa haraka na tambi nyembamba.

Ununuzi wa kwanza wa muhula ndio wenye uzito. Nunua kwa wingi vitu vinavyokaa tu: mchele, maharagwe makavu, dengu, chumvi, mafuta. Linganisha bei kwa kilo, si kwa pakiti. Pakiti ndogo hung'aa lakini kilo yake ni ghali. Vitu vibichi nunua kwa siku tatu au nne, na uanze na vinavyodumu. Kabichi, karoti na vitunguu hukaa. Mboga laini za majani zipikwe siku hiyo au ya pili. Matunda ya msimu huwa rahisi kuliko ya nje ya msimu, na kuna wauzaji hushusha bei jioni kwa yaliyoiva sana. Ndizi iliyoiva sana haina kasoro yoyote ukiila leo.

Sasa sufuria ya maharagwe, kwa sababu ukiiweza hiyo umeshinda nusu ya vita.

Ondoa mawe na vumbi, osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi. Saa 8 hadi 12 zinatosha. Asubuhi mwaga yale maji, suuza, weka mapya yafunike maharagwe kwa vidole vitatu. Washa moto mkali hadi yachemke kwa nguvu, yenye mapovu ya kuruka, na uache hivyo kwa dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Nusu saa ni salama zaidi. Usiruke hapa. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayoitwa fitohemaglutinini, na hata machache yakiwa nusu mabichi yanaweza kukuletea kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Jiko la umeme la kupikia taratibu halifiki joto la kutosha kuiua, kwa hiyo yachemshe kwanza kwenye moto wa kweli ndipo uyahamishe huko kama unalo.

Baada ya hapo funika sufuria, moto mdogo, yaive. Nyanya, limau au siki usiweke mapema: tindikali huyafanya yakawie kulainika. Weka yakishaiva. Magadi huharakisha lakini hupunguza vitamini B1, sijui mtu anayeyahitaji kama aliloweka. Maharagwe ya zamani huchukua muda mrefu zaidi, wakati mwingine mara mbili, kwa hiyo nunua mahali yanapouzwa haraka. Kilo moja ya makavu hutoa zaidi ya kilo mbili yaliyoiva. Gawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja, yakishapoa kidogo uweke kwenye friji.

Dengu, kwa mvivu au mwenye haraka, hazihitaji kuloweka; zile zilizokobolewa na kupasuliwa huiva kwa dakika 15 hadi 25.

Mchele nao huongezeka karibu mara tatu kwa uzito ukiiva, kwa hiyo gramu 80 hadi 100 kwa mtu mmoja zinatosha. Watu hupika mwingi mno, kisha hula mwingi mno, kisha hulalamika kwamba mchele umeisha.

Na hapa ndipo usalama unapoingia. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Kwa wali hili ni kali zaidi kuliko unavyodhani, maana kuna bakteria (Bacillus cereus) ambaye mbegu zake hustahimili kupikwa, na zikiachwa kwenye joto hutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hiyo wali uliolala mezani usiku kucha haurekebishiki kwa kuukaanga asubuhi. Utupe. Hasara ya wali ni ndogo kuliko ya kukosa mtihani. Ndiyo sababu nilisema kama huna friji, pika kiasi cha mlo mmoja au miwili tu. Chakula cha friji kilicho salama kipashwe hadi kifuke mvuke kote, katikati pia, na kiliwe ndani ya siku mbili au tatu.

Wanafunzi huogopa kwamba bila nyama watadhoofika. Hesabu ni rahisi. Mtu mzima huhitaji karibu gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku. Mayai mawili yanatoa gramu 12. Gramu 100 za maharagwe makavu, ambazo ni sahani moja kubwa yakiiva, zinatoa kama 22. Gramu 100 za mchele zinatoa 7. Kiganja cha karanga, gramu 30, kinatoa kama 7. Umefika 48, na nyama haijaingia mlangoni. Kinachokosekana mara nyingi ni mboga na matunda: lengo la dunia nzima ni angalau gramu 400 kwa siku, na hilo ndilo linaloachwa kwa sababu halishibishi. Tunda lenye vitamini C, kama chungwa, ukila pamoja na maharagwe, mwili hupata madini ya chuma zaidi kutoka humo. Chai kali pamoja na mlo hufanya kinyume, kwa hiyo iache ije saa moja baadaye.

Hatua ya 7: Kupika kwa zamu

Watu wawili hadi wanne wakipika pamoja hupunguza gharama na, zaidi, hupunguza uchovu. Ukiwa wanne, unapika siku moja na kula tatu bila kugusa mwiko. Zaidi ya wanne ni mkutano, na mkutano hauishi.

Vikundi hivi huvunjika kwa sababu zile zile: mmoja hulipa kwa kuchelewa, mmoja huleta mgeni kila siku, mmoja haoshi. Kubalianeni mwanzoni, kwa maandishi kwenye kundi la simu, mambo machache: mchango wa kila wiki unalipwa Jumapili kabla ya kununua, asiyelipa anakula kwake hadi alipe, mgeni anahesabiwa kama mlo, anayepika haoshi. Mwenye mzio au asiyekula kitu fulani kwa dini au hiari aseme siku ya kwanza, na chakula chake kisiwe baada ya wengine, kiwe ndani ya mpango. Msiwekeane usawa wa senti kwa senti. Kikundi kinachogombania vitunguu hakifiki katikati ya muhula.

Hatua ya 8: Wiki za mitihani na usiku

Usiku wa kusoma hula fedha kwa sababu kila duka linalofunguka usiku linauza ghali. Jitayarishe mchana: chupa ya maji, karanga, mayai ya kuchemsha, mabaki ya wali ambayo yamekaa friji. Kama wenzako wanaagiza chakula cha kuletwa, kumbuka gharama ya kupeleka ni chakula kingine kizima; agizeni pamoja au msiagize. Kafeini mwisho iwe alasiri kama unataka kulala, maana hukaa mwilini saa nyingi, na anayesoma bila kulala hununua vitafunio vingi zaidi usiku wa pili.

Wiki moja kabla ya mitihani, kama kuna friza, pika sufuria mbili za maharagwe na dengu, ugawe kwenye vyombo, ugandishe. Siku ya mtihani usijaribu chakula kipya. Kula ulichozoea, kwa saa uliyozoea.

Hatua ya 9: Fedha zikiisha kabisa

Hutokea, hata kwa mpangaji. Usianze kwa kuruka milo, wala kwa kukopa kantini ukilundika deni ambalo wiki ijayo litakula bajeti nzima. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au ofisi ya ustawi, ukiwa bado na nguvu za kueleza. Vyuo vingi vina mfuko wa dharura, kuponi za chakula, au chumba cha vyakula vya kuchukua bure, na vingi haviutangazi sana. Uliza na vikundi vya wanafunzi na taasisi za dini zilizo karibu. Baadhi hulisha mara kwa mara bila kuuliza mengi.

Beba kitambulisho, uthibitisho wa usajili, na ile orodha yako ya wiki ya Hatua ya 1. Afisa anayeona karatasi yenye fedha iliyoingia, iliyotoka na tarehe ya malipo yajayo hukuelewa upesi kuliko anayesikia maneno matupu. Uliza kwa wazi: kuna msaada gani kwa mwanafunzi asiye na fedha ya chakula hadi tarehe fulani, unatolewa lini, na nikikosa hapa niende wapi? Andika jina la ofisi na siku ya kurudi kabla hujatoka mlangoni, na ukiahidiwa Jumatatu, Jumatatu uwe pale saa wanapofungua.